Kuifuatilia Barua Pepe Isiyofika: Seva, Foleni na Anwani katika Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, ziko magharibi mwa Mkoa wa Kagera, zikitenganishwa na Rwanda kwa Mto Kagera na kufika mpakani mwa Uganda kwa upande wa kaskazini, kule Murongo. Shughuli zake nyingi zinazohitaji maandishi ya haraka hupitia leo kwenye barua pepe: mikataba na sampuli za kahawa za Chama Kikuu cha Ushirika cha KDCU, ambacho vyama vyake vya msingi vimeenea katika wilaya zote mbili, taarifa za hospitali na za makanisa, maombi ya ruzuku ya mashirika ya wakulima, na mawasiliano ya halmashauri mbili, moja ikiwa Kayanga na nyingine Rubwera. Barua inapokosekana, wa kwanza kutupiwa lawama ni mtandao. Husemwa kwamba mtandao unasumbua, kwamba siku hiyo umeme ulikatika au bando lilikwisha katikati ya kutuma, na baada ya maelezo hayo mtumaji huombwa atume upya, jambo ambalo mara nyingi humaliza shida ya siku hiyo na kuiacha sababu yake pale pale ilipokuwa.

Lawama hiyo aghalabu humwangukia asiyehusika. Barua pepe ambayo seva imekwisha kukiri kuipokea haipotei kwa kuwa laini imekatika. Hubaki mahali fulani, ikiwa na sababu iliyoandikwa ya kubaki hapo, na kuitafuta ni kuuliza ni seva ipi iliyoipokea mara ya mwisho na ikaifanya nini. Wakosaji halisi huwa ni vitu vidogo visivyo na kishindo, kama vile herufi moja iliyokosewa katika jina, sanduku lililojaa, ada ya mwaka ambayo haikulipwa, au kompyuta ya mezani iliyozihamisha barua zote kutoka kwenye seva bila mwenyewe kujua.

Seva ya barua pepe ni kompyuta inayowashwa usiku na mchana, yenye programu ya kupokea barua, kuzipeleka mbele na kuzitunza mpaka mwenyewe azifungue. Mtu anapobofya kitufe cha kutuma akiwa katika mji wa Omurushaka, barua yake haiendi moja kwa moja kwa mpokeaji, bali huenda kwanza kwenye seva ya mtumaji mwenyewe, ambayo kwa kawaida haiko Karagwe kabisa. Barua za watumishi wa halmashauri, ambazo anwani zake huishia na karagwedc.go.tz au kyerwadc.go.tz, hupitia Mfumo wa Barua Pepe Serikalini ulioandaliwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, taasisi iliyoanza mwaka 2012 ikiwa wakala na kufanywa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Za mashirika madogo hukaa kwa kampuni zinazokodisha nafasi kwenye seva zao, Dar es Salaam au ng'ambo. Na za watu binafsi, karibu zote, huwa kwa Google. Seva ya mtumaji huangalia sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, sehemu iitwayo kikoa, kisha huuliza katika mfumo wa majina ya intaneti ni kompyuta ipi inayopokea barua za kikoa hicho, na ikishajibiwa huipigia kompyuta hiyo na kuikabidhi barua. Seva ya pili huiweka barua katika sanduku la mpokeaji, au huipitisha kwanza kwenye kichujio cha barua taka, yaani barua za matangazo na utapeli zinazomiminwa kwa watu wasioziomba.

Mazungumzo baina ya seva mbili hufuata itifaki iitwayo SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel na kutangazwa Agosti 1982, ambayo toleo linalotumika sasa lilitoka mwaka 2008. Kiini cha itifaki hiyo ni makabidhiano. Seva inayotuma hujitambulisha, hutaja mtumaji, hutaja mpokeaji, kisha humwaga maneno ya barua, na katika kila hatua seva inayopokea hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Namba inayoanza na 2 ni kukubali, inayoanza na 4 ni kukataa kwa muda, na inayoanza na 5 ni kukataa moja kwa moja. Barua ikishamalizika kusomwa na seva inayopokea ikajibu 250, dhamana yote huhamia kwake kuanzia dakika hiyo: italazimika ama kuifikisha, ama kumrudishia mtumaji taarifa ya kushindwa, na mpaka jibu hilo litoke, seva inayotuma hairuhusiwi kuifuta nakala yake. Mwenye uzoefu wa masijala ya zamani atalitambua jambo hilo kwa daftari la kusambazia barua, ambamo mtarishi hakuondoka mpaka aliyepokea bahasha ametia sahihi; tofauti ni kwamba hapa daftari hujazwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mashahidi huwa wawili.

Utaratibu huo ulibuniwa wakati ambapo laini za mawasiliano zilikatika kila mara, na Afrika Mashariki yenyewe iliujua katika hali hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa modemu zilizopiga simu za kawaida, ambapo barua zilirundikwa katika kompyuta ya chuo na kungoja mpaka simu ishike, pengine usiku wa manane. Nyaya za baharini zilizofika Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uliotandazwa baadaye hadi mipakani, zilifanya watu wasahau kungoja huko, lakini foleni yenyewe haikuondolewa. Kwa miaka mingi umeme wa Karagwe na Kyerwa umetoka Uganda, ukipitia Masaka na kituo cha Kyaka, na hitilafu yoyote katika njia hiyo ndefu imeweza kuziacha wilaya zote mbili gizani. Hata hivyo barua iliyoelekezwa kwenye seva iliyozimika kwa ukosefu wa umeme hungoja tu katika foleni ya seva ya mtumaji, ambayo hujaribu tena na tena. Kwa mpangilio wa kawaida wa Postfix, programu ya seva za barua iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, jaribio la pili huja baada ya dakika kama 5, kisha vipindi hurefuka hadi kufika saa moja na dakika chache, na majaribio huendelea kwa siku 5 kabla ya seva kukata tamaa na kuirudisha barua.

Siku 5 hizo zina upande wao mbaya. Postfix, isipopangwa vinginevyo, haimwonyi mtumaji kwamba barua yake imekwama, kwa hiyo karani aliyetuma nyaraka za zabuni Ijumaa asubuhi huenda akakaa kwa amani hadi Jumatano inayofuata, ndipo apate taarifa kwamba hazikwenda popote. Ikiwa nyaraka hizo zilikuwa na tarehe ya mwisho ya Jumatatu, itifaki imetimiza wajibu wake wote na zabuni imepotea vilevile. Msimamizi wa seva mwenye kuwajali watumiaji wake huweka onyo la saa 4, kazi isiyozidi mstari mmoja katika faili la mipangilio, na kuliacha bila kuwekwa ni uzembe mdogo unaozaa lawama nyingi.

Chombo kikuu cha msakaji ni kumbukumbu za seva, ambazo mafundi huziita logi, yaani faili la maandishi ambamo programu huandika mstari kwa kila jambo inalolifanya. Katika seva nyingi za Linux faili hilo huitwa maillog au mail.log, na kwa siku moja ya kazi linaweza kuwa na maelfu ya mistari, hivyo halisomwi kama gazeti bali huchujwa kwa amri ya kutafuta neno. Fundi huanza na anwani ya mpokeaji, kwa kuwa ndiyo anayopewa na mlalamikaji, na huenda akakutana na mstari kama huu wa mfano:

07:14:09 4F3C12A0B7: to=<karani@mfano.or.tz>, delay=3.1, dsn=4.2.2, status=deferred

Kundi la herufi na tarakimu linaloanza na 4F ni namba ya foleni, ambayo seva huipa kila barua inapoingia na kuirudia katika kila mstari unaoihusu barua hiyo, kwa hiyo hatua ya pili ya fundi ni kuiacha anwani na kuitafuta namba hiyo, ili mistari yote ya barua moja ijitokeze pamoja: iliingia kutoka kompyuta gani, ilikuwa na ukubwa gani, ilikuwa na wapokeaji wangapi, na ilitolewa kwenye foleni lini. Neno la mwisho ndilo hukumu. Likiwa "sent", barua imekabidhiwa kwa seva inayofuata na dhamana imehama. Likiwa "bounced", imekataliwa na taarifa imerudishwa kwa mtumaji. Na likiwa "deferred", kama ilivyo hapa, bado imo foleni. Namba 4.2.2 inaeleza sababu: 4 ya mwanzo ina maana ya tatizo la muda, na 2.2 ina maana kwamba sanduku la mpokeaji limejaa. Hakuna mtandao uliosumbua katika mstari huo. Kuna karani ambaye hajafuta barua za zamani, na akifuta chache tu kabla ya siku 5 kwisha, barua itaingia yenyewe bila mtu yeyote kuituma upya.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna kikwazo kinachowapotezea muda hata mafundi wazuri, nacho ni saa. Seva nyingi huandika kumbukumbu zake kwa saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa 3, na mlalamikaji wa Nkwenda au Kaisho husimulia kwa saa za Kiswahili, ambazo huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Mtu anayesema alituma barua "saa nne na robo asubuhi" anasema saa 10:15 kwa hesabu ya kompyuta ya ofisini, na katika kumbukumbu za seva tukio hilo limeandikwa 07:15; fundi anayechukua maneno yake jinsi yalivyo na kutafuta 04:15 anaangalia mistari ya saa moja na robo asubuhi, wakati ofisi haijafunguliwa, na haoni kitu. Kando ya Mto Kagera mkanganyiko huongezeka, kwa sababu Rwanda hufuata saa iliyo nyuma ya ile ya Tanzania kwa saa moja, na simu iliyo karibu na mto inaweza kunasa mnara wa ng'ambo na kujirekebisha saa bila kumwuliza mwenyewe. Barua iliyotumwa kwa simu hiyo huwa na muda ulioandikwa na simu, wenye alama ya +0200 mwishoni badala ya +0300, na asiyeiona alama hiyo anaweza kuapa kwamba barua ilifika seva saa nzima baada ya kutumwa, ilhali ilichukua sekunde tatu. Ni afadhali kumwuliza mlalamikaji alituma kabla au baada ya chai ya saa nne, kisha kutafuta katika kipindi kipana, kuliko kuiamini saa ya mtu mmoja.

Ukataaji wa moja kwa moja, ule wa namba zinazoanza na 5, una sababu nyingi, lakini unaoongoza ni 550 pamoja na maelezo kwamba mtumiaji huyo hajulikani. Katika eneo la Wanyambo na Wahaya herufi r na l hupishana katika maandishi, hata mji mmoja huandikwa Omurushaka na Omulushaka, na majina ya watu hufuata mkondo huo huo: Mutalemwa na Mutaremwa, kwa sikio la anayetajiwa kwa simu, ni mtu mmoja, bali kwa seva ni masanduku mawili. Kosa hilo likimwangukia mtu asiyekuwepo, seva hukataa na mtumaji huarifiwa, na hiyo ndiyo bahati njema. Bahati mbaya ni pale ambapo anwani iliyokosewa ni ya mtu mwingine aliye hai, hasa katika huduma zenye mamilioni ya watumiaji, kwa kuwa barua hufika salama kwa asiyehusika, kumbukumbu huandika "sent", na hakuna chochote kinachorudi. Hakuna seva inayoweza kuligundua kosa la aina hiyo. Hugunduliwa na jicho la mtu anayelinganisha anwani iliyo katika kumbukumbu na anwani iliyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi.

Uhamisho wa watumishi nao una nafasi yake. Mtumishi anayehamishwa kutoka Karagwe kwenda Kyerwa hubadilisha kikoa, na anwani yake ya zamani ikifungwa, washirika wa nje walioizoea hupata 550. Isipofungwa, barua huendelea kurundikana katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua, na hali hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu mtumaji anaamini amesomwa. Anwani ya cheo, inayobaki ofisini mwenye cheo anapoondoka, huondoa tatizo hilo lote, ilhali katika ofisi nyingi mawasiliano muhimu bado hufanywa kwa anwani za majina ya watu, na wakati mwingine kwa anwani zao binafsi za Gmail.

Viambatisho ni mlango mwingine wa kukataliwa. Barua pepe ilibuniwa kwa ajili ya maandishi matupu, kwa hiyo picha au hati iliyopigwa skana hugeuzwa kwanza kuwa herufi za kawaida, ambapo kila baiti 3 huwa herufi 4, na mzigo huongezeka kwa theluthi moja na zaidi kidogo. Hati za megabaiti 8, kwa mfano vyeti vya kahawa vilivyopigwa skana ya rangi bila haja, husafiri zikiwa na uzito unaokaribia megabaiti 11, na kikomo cha kawaida cha Postfix ni kama megabaiti 10. Mtumaji anaona 8, anajua kikomo ni 10, na anahitimisha kwamba seva imeharibika. Skana ya nyeusi na nyeupe ingetosha kulimaliza jambo hilo.

Wapo pia wanaokataliwa kwa sababu ya majirani zao. Shirika dogo linalokodi nafasi kwenye seva ya bei nafuu hutumia anwani moja ya intaneti pamoja na wateja wengine, na mmoja wao akiibiwa neno la siri na kutumika kumwaga barua taka, anwani hiyo huingizwa katika orodha za wanaozuiwa, mashuhuri kati yake ikiwa ile ya Spamhaus, shirika lililoanza mwaka 1998, na kuanzia hapo barua za wote hukataliwa. Mbali na hilo, seva kubwa hudai ushahidi kwamba barua imetoka kwa anayedai kuituma. Ushahidi huo hutolewa kwa njia tatu zinazotegemea mfumo wa majina ya intaneti: SPF, ambayo ni orodha ya kompyuta zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, DKIM, ambayo ni sahihi ya kihesabu inayotiwa katika kila barua, na DMARC, ambayo ni agizo la mwenye kikoa kuhusu barua zisizotimiza masharti hayo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti ya uthibitisho kwa watumaji wote, na shirika ambalo fundi wake aliyelitengenezea kikoa miaka kumi iliyopita hapatikani tena hujikuta barua zake zikiangukia kwenye taka, au zikirudi, bila lenyewe kubadilisha lolote. Kikoa chenyewe hulipiwa ada kila mwaka. Ada isipolipwa, barua zote zinazoelekezwa kwake hukosa pa kwenda, na tovuti ya shirika hutoweka pamoja nazo, dalili ambayo ni rahisi kuitambua na mara nyingi haihusishwi na barua zilizokosekana.

Sehemu ngumu zaidi ya msako huanza pale kumbukumbu zinaposema kwamba barua imefikishwa sandukuni na mpokeaji akasisitiza kwamba haioni, kwa kuwa wote wawili huwa wanasema kweli. Mahali pa kwanza pa kutazama ni folda ya barua taka, na pa pili ni sheria za kupanga barua ambazo mtumiaji aliziweka zamani akazisahau. Pa tatu, ambapo hupuuzwa sana katika ofisi zenye kompyuta moja ya mezani, ni itifaki ya POP, njia ya zamani ya kusoma barua ambayo huzipakua hadi kwenye kompyuta na kwa kawaida kuzifuta kwenye seva. Mhasibu anayefungua sanduku kwa POP saa mbili asubuhi huzichukua barua zote, na meneja anayelifungua sanduku hilo hilo kwa simu saa tatu hukuta tupu. Barua zimo katika kompyuta ya mhasibu, na siku kompyuta hiyo inapoharibika huondoka nazo. Itifaki ya IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva ili kila kifaa kione kitu kimoja, na hakuna sababu ya maana inayoifanya ofisi yenye watu zaidi ya mmoja kuendelea na POP.

Jambo la nne si la uzembe bali la uhalifu. Mwizi aliyepata neno la siri la mtu anayeshughulikia malipo hulibadilisha mara chache, kwa sababu kufanya hivyo kungemshtua mwenyewe. Huweka sheria ya siri inayozichukua barua zenye neno kama "ankara" au jina la benki na kuzipeleka kwake, kisha kuzificha zisionekane sandukuni, ili wakati ukifika amwandikie mnunuzi wa ng'ambo namba mpya ya akaunti. Chama cha ushirika kinachouza kahawa Ulaya ni windo la aina hiyo hasa, kwa kuwa malipo yake ni makubwa na mnunuzi wake yuko mbali. Kwa hiyo barua za fedha zikianza kukosekana huku nyingine zikifika, msako usiishie kwenye foleni. Sheria za sanduku, anwani za kupeleka mbele na orodha ya mahali palipoingiwa lazima zikaguliwe siku hiyo hiyo.

Kwa wananchi wasio na ofisi, msako huishia steshenari. Katika miji kama Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, steshenari ndiyo mahali pa kupiga chapa, kutoa nakala, kuomba chuo na kutuma maombi ya kazi, na mara nyingi mhudumu humfungulia mteja anwani ya Gmail kwa namba ya simu isiyo ya mteja, au hutuma maombi kwa anwani ya steshenari yenyewe. Majibu hufika vizuri, ila hufika kwa asiyeyasubiri. Anwani iliyofunguliwa kwa ajili ya ombi moja na kuachwa ina hatari ya pili, kwa kuwa tangu mwisho wa mwaka 2023 Google hufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka 2. Hata anayeitumia kila siku anaweza kuzuiliwa na gigabaiti 15 anazopewa bure, ambazo si za barua peke yake bali pia za picha na, kwa simu za Android, za nakala rudufu za WhatsApp. Video za harusi zikizijaza, barua ya chuo hurudi ilikotoka.

Msomaji asiye na ruhusa ya kugusa seva ana ushahidi wake mdogo, nao ni vichwa vya barua, yaani mistari iliyofichwa juu ya kila barua iliyopokelewa, inayoonekana kwa kuchagua menyu ya kuonyesha barua asilia. Kila seva iliyopitiwa huongeza mstari wake unaoanza na neno Received, ikiuweka juu ya mistari iliyotangulia, kwa hiyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu. Pengo kubwa la muda kati ya mistari miwili humwonyesha hata mtu wa kawaida ni seva gani iliyoikalia barua, iwapo hakusahau kusawazisha tofauti za saa.

Kumbukumbu za seva hazina maneno ya ndani ya barua, lakini zina nani alimwandikia nani na lini, na katika wilaya ambamo watu wanajuana hayo peke yake ni mengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huzihusu taarifa za namna hiyo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hukataza kuingia katika mfumo au kunasa mawasiliano bila ruhusa. Afisa TEHAMA hutakiwa basi kutafuta barua aliyoombwa kuitafuta, kwa ombi la mhusika au la mwenye mamlaka, na kutofungua sanduku la mtu pale ambapo mistari ya kumbukumbu imekwisha kutoa jibu.

Ombi hilo linahitaji kufika mapema. Katika mifumo mingi ya Linux faili la kumbukumbu hufungwa kila wiki na kuanzishwa jipya, na mafaili ya zamani hutunzwa kwa wiki 4 tu isipokuwa msimamizi ameongeza muda, ilhali mabishano juu ya barua za msimu wa kahawa huibuka wakati wa kufunga hesabu, miezi kadhaa baadaye. Hapo mtumaji hutoa nakala iliyo katika folda ya barua zilizotumwa akidhani ameshinda. Nakala hiyo haithibitishi zaidi ya kwamba programu yake ilijiwekea nakala, kwa kuwa katika programu nyingi kuhifadhi na kutuma ni kazi mbili tofauti. Lakini katika vichwa vyake mna mstari wa Message-ID, kitambulisho kisichofanana na cha barua nyingine yoyote, na hicho ndicho fundi wa upande wa mpokeaji anachoweza kukitafuta katika kumbukumbu zake, ikiwa bado anazo.